Askari wa Mwili na Safari ya Chanjo ya Ukimwi

Leo tunajibu swali ambalo akina mama hutuuliza kliniki: "Sista, mtoto wangu amechanjwa polio na surua. Mbona chanjo ya Ukimwi hakuna?"

Ugonjwa unapoingia mwilini, mwili hutengeneza kingamwili. Hawa ni askari wa damu. Kazi ya chanjo ni kuwafundisha askari hao kumjua adui kabla hajafika.

Virusi vya Ukimwi viligunduliwa Ufaransa mwaka wa 1983. Mwaka uliofuata, serikali ya Marekani ilitumaini kuwa chanjo ingeanza kujaribiwa baada ya miaka 2 hivi. Mwaka wa 1985 kikaja kipimo cha kutafuta kingamwili katika damu. Hapo ikaonekana wazi kwamba wagonjwa wana askari, lakini askari hao hawashindi. Kwa nini? Kwa sababu virusi hivi hubadilika kila mara. Ni kama mwizi anayebadilisha nguo kila anapotambuliwa.

Hapa Nairobi, mwaka wa 2001, chanjo moja ilianza kujaribiwa. Ilitokana na utafiti kuhusu wanawake wa Majengo ambao hawakuambukizwa ingawa walikutana na virusi mara nyingi. Kufikia 2004 ikajulikana kuwa haina nguvu ya kutosha. Mwaka wa 2009 chanjo nyingine, iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 16,000 huko Thailand, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 31 hivi. Hiyo pia haikutosha.

Lakini mwaka huo huo, katika damu ya Mwafrika mmoja anayeishi na virusi, watafiti walipata kingamwili 2 zenye uwezo wa kuzuia virusi vya aina nyingi. Shida ni kwamba askari hodari kama hao hupatikana kwa watu wachache, tena baada ya miaka, virusi vikiwa vimeshajificha mwilini. Watafiti sasa wanajaribu kuufundisha mwili kuwatengeneza mapema, hatua kwa hatua. Kazi hiyo haijakamilika.

Mama, historia hii inakuhusu. Ukiwa mjamzito, kingamwili zako humfikia mtoto tumboni. Kwa hivyo, kama unaishi na virusi, kipimo cha kingamwili kwa mtoto wa chini ya miezi 18 kinaweza kuonyesha askari wako wewe, wala si kwamba mtoto ameambukizwa. Usikate tamaa. Mpeleke kliniki akiwa na wiki 6 apimwe kwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, na urudi kila unapoambiwa hadi kipimo cha mwisho.

Chanjo bado hatuna. Dawa tunazo. Mama akizimeza kila siku, na mtoto akapewa zake, mtoto anaweza kunyonya na kukua bila virusi.

Hadi wiki ijayo, mimi ni muuguzi wenu. Kwaherini.