Mbiu na Baraza: Biashara katika Mitandao ya Kijamii

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yaonekana kumwambia mfanyabiashara kwamba matangazo ni kazi ya mwenye bidhaa mbovu, na kwamba mwenye bidhaa njema hana haja ila kuketi dukani mwake akingoja. Lakini bidhaa haina ulimi wala miguu. Ikiwa yajiuza, maana yake ni kwamba watu wameisemea: aliyeinunua amemwambia jirani, na jirani naye amemwambia mwenziwe. Historia ya biashara katika mitandao ya kijamii, ambayo umri wake ni miaka ishirini na kitu tu, ni historia ya jitihada za kuyapata maneno hayo ya jirani kwa jirani. Na ni historia pia ya makosa ya wale waliodhani kwamba maneno hayo yaweza kununuliwa kwa fedha.

Miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki ilizijua tangu kale njia mbili za kueneza habari. Njia moja ilikuwa mbiu ya mgambo: mtu mmoja hupiga pembe na kutangaza neno lake, watu wote husikia, wala hakuna anayetazamiwa kumjibu. Njia ya pili ilikuwa baraza, mahali ambapo watu huketi wakazungumza, mmoja akauliza, mwingine akajibu, na wa tatu akapinga. Gazeti, redio na televisheni, kwa kadiri zilivyotumiwa na wafanyabiashara, zilikuwa mbiu. Kanga ilikuwa karibu zaidi na baraza. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1887, ilipata sifa kwa kanga zake zenye alama ya «Mali ya Abdulla». Kanga iliyochapwa jina iliingia harusini na sokoni ikiwa mwilini mwa mnunuzi, naye aliichagua kwa kuwa maneno yake yalisema jambo alilotaka yeye kulisema. Mwenye duka hakumlipa mtu yeyote ili aitembeze nguo hiyo mjini.

Mitandao ya kijamii ilipotokea, ilikuja kwa sura ya baraza. Facebook ilianzishwa mwezi wa Februari mwaka 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. YouTube ilifuata mwaka 2005, na Twitter mwaka 2006. Watu waliingia humo ili waonane na rafiki zao, wala si ili watafute duka. Hata baadhi ya zana ambazo leo huhesabiwa kuwa silaha za wafanyabiashara zilibuniwa na watumiaji wenyewe kwa ajili ya mazungumzo. Tarehe 23 Agosti mwaka 2007, Chris Messina alipendekeza kwamba watumiaji wa Twitter watangulize alama ya reli mbele ya neno, ili watu wanaozungumzia jambo moja wapate kujuana. Pendekezo hilo halikutoka kwa wenye kampuni. Watu ndio walioichukua alama hiyo na kuizoea, na mwaka 2009 kampuni ikaifanya kuwa kiungo cha kubonyeza. Mwaka 2010 Twitter ilianza kuuza nafasi za matangazo, na kabla ya mwaka huo kwisha, hata orodha ya mambo yanayovuma zaidi iliingizwa nafasi ya kulipia. Basi zana iliyozaliwa barazani ilikuwa imepata bei katika muda wa miaka mitatu.

Facebook nayo ilipita njia hiyo hiyo. Mwezi wa Novemba mwaka 2007 ilifungua kurasa maalumu za biashara, pamoja na utaratibu wake wa kuuza matangazo. Na mwezi wa Februari mwaka 2009 ilitia kitufe cha kupenda. Kampuni nyingi ziliingia kwa pupa. Zilikusanya wafuasi kama mtoto akusanyavyo kokwa za maembe, nyingine zikitoa zawadi kwa kila abonyezaye kitufe, na mameneja wakapeleka hesabu hizo mbele ya wakurugenzi kana kwamba ni mapato. Lakini aliyebonyeza kwa ajili ya zawadi hakuwa mteja, wala hakuwa na neno la kumwambia jirani yake. Kosa la wafanyabiashara hao halikuwa kutojua matumizi ya zana. Walizijua vyema, ila walizishika kama pembe ya mbiu, ilhali zilikuwa zimetengenezwa kwa majibizano.

Mfano unaodhihirisha tofauti hiyo ni wa kampuni ya kompyuta ya Dell, yenye makao yake Round Rock katika jimbo la Texas, Marekani. Mwezi wa Juni mwaka 2005 mwandishi Jeff Jarvis, aliyekuwa amenunua kompyuta ya kampuni hiyo na kuiona mbovu, aliandika malalamiko yake katika blogu yake. Kampuni haikumjibu hadharani. Wasomaji wake, hata hivyo, walijibu kwa wingi, kila mmoja akisimulia masaibu yake, hata malalamiko ya mtu mmoja yakawa habari ya magazeti. Mwaka uliofuata picha za kompyuta ya Dell iliyowaka moto huko Osaka, Japani, zilienea katika intaneti, na mwezi wa Agosti mwaka 2006 kampuni ikalazimika kuzirudisha betri zipatazo milioni 4.1. Wakati huo ilikuwa imekwisha anza kubadili mwenendo. Ilifungua blogu yake yenyewe, ikaweka watu wa kuwatafuta wateja waliokuwa wakilalamika na kuwasaidia. Na mwezi wa Februari mwaka 2007 ikafungua ukumbi uitwao IdeaStorm, ambamo mteja yeyote aliweza kuleta shauri na wengine wakalipigia kura. Miongoni mwa mashauri yaliyopata kura nyingi lilikuwa lile la kuuza kompyuta zenye programu ya Linux. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Dell ikaanza kuziuza.

Ni baada ya hatua hizo ndipo mauzo yalipofuata. Katika mwaka 2007 Dell ilifungua katika Twitter akaunti ya duka lake la kompyuta zilizorudishwa na kutengenezwa upya. Bidhaa za namna hiyo hupatikana kwa idadi isiyojulikana mapema na huisha upesi. Kwa hiyo habari fupi inayomfikia mtu saa ile ile ilifaa kuliko tangazo la gazeti. Waliohusika waliwajibu pia walioleta maswali. Mwezi wa Desemba mwaka 2009 kampuni ilieleza kwamba mauzo yaliyopatikana kwa njia ya Twitter yalikuwa yamefikia dola milioni 6.5. Mwanachuoni mwangalifu atasema kwamba fedha hizo ni kidogo mno kwa kampuni ambayo mauzo yake ya mwaka yalihesabiwa kwa makumi ya mabilioni, na atakuwa amesema kweli. Faida kubwa haikuwa katika milioni hizo. Ilikuwa katika kujua kasoro ya bidhaa kabla haijawa fedheha. Na huyo Jarvis mwenyewe, mwezi wa Oktoba mwaka 2007, aliandika katika jarida la BusinessWeek kwamba Dell ilikuwa imejifunza kusikiliza.

Haikuwa lazima biashara iwe kubwa ndipo ifanikiwe. Blendtec, kampuni ya Orem katika jimbo la Utah, ilitengeneza blenda imara ambazo watu wachache tu walizijua. Mwanzilishi wake, Tom Dickson, alikuwa na desturi ya kuzijaribu mashine zake kwa kusaga vipande vya mbao. George Wright, aliyesimamia masoko, aliiona desturi hiyo akapata shauri la kuipiga picha, na mwezi wa Oktoba mwaka 2006 filamu fupi za kwanza ziliwekwa katika YouTube kwa gharama ndogo sana. Dickson alisaga gololi, baadaye mipira ya gofu, na mwaka uliofuata hata simu ya iPhone iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka. Watazamaji walianza kuleta mashauri yao wenyewe juu ya kitu kinachofaa kusagwa, na kampuni ikawasikiliza. Hapa methali ya wahenga yathibitika kwa namna isiyotazamiwa: filamu hizo zisingefaa kitu kama blenda ingevunjika. Mtandao ulikuwa dirisha tu la kuonyeshea kazi ambayo ilikwisha fanyika karakanani.

Hata hivyo, baraza hizi zina jambo ambalo baraza za mjini hazikuwa nalo, nalo ni kwamba zina mwenyewe. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, na katika mwaka huo huo hisa zake zikaanza kuuzwa kwa watu wote; mwaka 2014 ikainunua WhatsApp kwa kiasi cha dola bilioni 19. Kampuni yenye wanahisa hutakiwa kuleta faida, na faida yake hutoka katika matangazo. Kidogo kidogo ukurasa wa biashara uliacha kuwafikia wafuasi wake wote bila malipo, kwa kuwa kanuni za kompyuta ndizo zilizochagua nani aone nini. Mwaka 2016 Instagram nayo iliacha kupanga picha kwa kufuata saa zilipotumwa. Mwezi wa Januari mwaka 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba habari za jamaa na marafiki zitatangulizwa mbele ya zile za kampuni za biashara na vyombo vya habari. Mfanyabiashara aliyetumia miaka mingi kukusanya wafuasi alitambua kwamba alikuwa amejenga katika kiwanja cha kupanga. Cha kuazima, husema Waswahili, hakisitiri.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili halikuwagusa wenye makampuni makubwa peke yao. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, na huduma za namna yake kuenea katika nchi jirani, mtu mwenye simu aliweza kuuza pasipo duka: mteja huona picha, huuliza, hulipa kwa simu, na mzigo hupelekwa kwa pikipiki. WhatsApp ilipotoa mwezi wa Januari mwaka 2018 programu yake ya biashara, na katika mwezi wa Novemba mwaka 2019 ikaongeza orodha ya bidhaa yenye picha na bei, mama auzaye vitenge alipata bila malipo daftari, kabati la maonyesho na karani. Programu hiyo humsalimu mteja anapoandika mara ya kwanza, huhifadhi majibu ya maswali yanayorudiwa, na humwezesha mwenye biashara kuwatia alama wateja, huyu amelipa, huyu angoja mzigo. Zana hizi ni za unyenyekevu, wala hazivumi kama filamu za YouTube. Lakini ndizo zilizo karibu zaidi na baraza.

Matumizi yake, hata hivyo, hutegemea adabu ya mwenye kuzitumia. Wako wauzaji waonyeshao bidhaa bila bei, wakimtaka kila mteja aulize kwa siri. Hoja yao ni kwamba swali hufungua mazungumzo, na desturi ya kupatana bei ni ya siku nyingi. Lakini mteja aliye mbali haoni uso wa muuzaji. Bei inapofichwa hushuku kwamba itapimwa kwa kadiri ya mfuko wake, naye huenda zake bila kuaga. Muuzaji aandikaye bei, saa za kazi na mahali alipo, na akajibu lalamiko mbele ya watu badala ya kulifuta, ndiye aendeleaye kuaminiwa. Biashara haigombi, na katika mtandao, ugomvi husikiwa na watu wengi kuliko sokoni.

Hatari ya kutegemea kiwanja cha mwingine ilidhihirika tarehe 4 Oktoba mwaka 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika duniani kote kwa muda wa saa zipatazo sita kwa sababu ya kosa la mitambo. Nchini Uganda serikali ilikuwa imekwisha onyesha hatari nyingine: tangu Julai mwaka 2018 ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao hiyo, mpaka kodi hiyo ilipobadilishwa mwaka 2021 kuwa ya asilimia 12 juu ya bando za intaneti, na katika uchaguzi wa Januari mwaka 2021 intaneti ilikatwa, na iliporudishwa Facebook ikabaki imefungwa. Muuzaji ambaye wateja wake wote walikuwa majina tu katika ukurasa hakuwa na njia ya kuwafikia. Mwenye namba zao katika daftari aliweza kuwapigia simu.

Haifai kukata shauri kwamba tangazo la kulipia ni upotevu. Mbiu ina kazi yake: duka jipya halijulikani mpaka litangazwe, na fundi viatu wa Mwanza aweza sasa, kwa fedha chache, kutangazia watu wa mji wake peke yao, jambo ambalo redio haikuweza kumfanyia. Lakini mbiu humleta mteja mara moja. Kinachomrudisha, na kumfanya amlete nduguye, ni kiatu kisichoachia soli, na jibu alilopewa siku alipouliza. Zana za mitandao zitabadilika, nyingine zitapandishwa bei, na nyingine zitazimwa. Mteja aliyetendewa haki atamtafuta fundi wake hata kwa kumuulizia mitaani.