Usomaji wa Watoto Nyumbani: Kuutenga na Mtihani

Kila linapozuka suala la watoto wasiopenda vitabu, lawama huishia kwa wazazi: eti hatuna utamaduni wa kusoma. Historia ya Tanzania haikubaliani na kauli hiyo. Mwaka 1967 takriban asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kwa takwimu rasmi, kufikia 1986 kampeni za kisomo zilikuwa zimekishusha kiwango hicho chini ya asilimia 10. Katika kizazi hichohicho, jarida la Sani lilipita mkono hadi mkono mpaka kurasa zikachakaa, na wasomaji wake hawakuwa wakijiandaa kwa mtihani wowote. Watu walisoma kwa sababu kulikuwa na kitu cha kusoma, nacho kilihusu maisha waliyoyajua.

Makala hii inadai kwamba kinachoua raha ya kusoma nyumbani ni kuigeuza nyumba kuwa tawi la shule. Mtoto hutoka darasani, huenda tuisheni, kisha hukabidhiwa kitabu cha kiada pamoja na maswali ya kujibu. Akichukua hadithi ya sungura na fisi huambiwa aache mchezo, akasome. Kwake kitabu hakitengani na alama nyekundu na aibu ya kukosea.

Madhara yake hayaishii kwenye hisia. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, zilizoanza Kenya mwaka 2009 na Tanzania mwaka 2010, zilifanyika majumbani, na mara kwa mara zilikuta watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hata anayeweza kutamka anaweza kutuhadaa. Tahajia ya Kiswahili inafuata matamshi kwa karibu, hivyo aliyezishika silabi husoma ukurasa mzima kwa sauti safi bila kuambulia maana. Maana hujengwa na msamiati mpana na mazoea ya kufuata kisa kirefu, mambo ambayo mazoezi ya ba-be-bi-bo-bu pekee hayawezi kuyatoa.

Hapo ndipo nyumba inapoizidi shule. Jamii zetu zina hadhira ya hadithi iliyo tayari: mtambaji husema "Paukwa!", wasikilizaji huitikia "Pakawa!", na hakuna anayesahihishwa. Mtoto aliyezoea kungoja kitakachompata sungura tayari ana stadi ambayo msomaji huihitaji, ya kubashiri, kukumbuka na kushuku. Kitabu kiingizwe katika mkao huohuo. Mzazi asome kwa sauti, abadili sauti za wahusika, akatize patamu na kuahidi kuendelea kesho. Bibi asiyejua herufi hakosi nafasi: mjukuu amsomee, naye aulize kwa udadisi wa kweli kwa nini fisi alikubali kudanganywa. Mtoto anayemsomea mtu anayetaka kujua kisa amekwisha kuwa msomaji.

Pingamizi lenye uzito ni bei. Kenya ilipoweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye vitabu mwaka 2013, kitabu kilizidi kuwa mbali na meza ya familia ya kawaida, na naiona sera hiyo kuwa kosa lisilo na utetezi. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 ulionyesha njia nyingine: kuwasaidia waandishi na wachapishaji wa ndani, kisha kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Vitabu hivyo viruhusiwe kwenda nyumbani, hata vikirudi vimekunjika. Kabati la shule lililofungwa ili vitabu visichafuke halimsaidii mtoto yeyote.

Kwa mzazi ninaomba jambo moja: mwache mtoto achague, hata akichagua katuni, hata akirudia kitabu kilekile wiki nzima. Akimaliza, usimtungie maswali. Muulize tu kama kilikuwa kizuri, kisha umsikilize.