Chumba Kimoja, Blanketi Moja: Tiba ya Usingizi kwa Wapiganaji wa Kagera Waishio Ufipa

Tiba ya kukosa usingizi kwa kubadili mwenendo ina sharti linaloonekana jepesi mno: usingizi usipokuja, inuka, toka chumbani, urudi pale tu macho yatakapolemewa. Richard Bootzin alilitoa mwaka 1972 huko Marekani, akichukulia kwamba mgonjwa ana chumba kingine cha kwenda. Lakini Sumbawanga, mji wa Ufipa, iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai huko Ufipa ni wa kujikunyata. Kwa mwenye chumba kimoja, nje ya blanketi kuna jiko lililozimika na mlango wa kutokea uani. Mzee mwenye presha akilitii sharti hilo atakesha akitetemeka.

Siikatai tiba yenyewe. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza iwe ya kwanza, kabla ya vidonge, kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi, na idara inayohudumia askari wastaafu wa nchi hiyo imewafunza watoa huduma wake kuitumia. Kwetu inawahusu wazee waliopigana Vita vya Kagera, wakiwemo mgambo waliorudi kulima. Aliyekuwa na miaka 20 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka Oktoba 1978 sasa anaukaribia uzee wa miaka 70, umri wa presha, kisukari na magoti.

Ni rahisi kuusukumia mzigo wote vita. Nina shaka na urahisi huo. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake walitenganisha kinachomweka mtu katika hatari ya kukosa usingizi, kinachouanzisha ugonjwa na kinachouendeleza. Huenda mizinga ndiyo iliyoanzisha. Lakini zaidi ya miaka 45 baada ya Kampala kuanguka, kinachoendeleza mara nyingi kiko karibu zaidi: kidonge cha presha cha kukojosha kinachomezwa jioni, au sukari iliyopanda, vyote vikimwamsha mzee mara tatu kwenda chooni uani. Akipewa diazepamu juu ya hayo, safari ile ya gizani ataifanya akiyumba. Wapo pia wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini; hao wanahitaji uchunguzi wao, maana kupanga saa za kulala hakutafungua koo.

Sasa hesabu. Mzee anapanda kitandani saa 2 usiku kwa sababu ya baridi na giza, anaamka saa 11 alfajiri. Saa 9 kitandani, usingizi saa 5: asilimia 56 tu. Kanuni ya kubana muda wa kitandani, unaoshushwa hadi karibu na saa za usingizi, ingembakizia saa 5 na nusu, yaani asipande kitandani kabla ya saa 5 na nusu usiku. Akae wapi hadi hapo, na kwa mwanga gani? Isitoshe, kumnyima usingizi ghafla mtu mwenye kifafa ni hatari, na hata mwenye kisukari anayetumia insulini anahitaji uangalizi. Kwa wazee ipo njia ya upole: kupunguza muda wa kitandani nusu saa kila wiki. Mwanzo anaota moto na wajukuu hadi saa 2 na nusu, wiki inayofuata saa 3. Usiku akikosa usingizi, akae kitako palepale na blanketi mabegani. Si sharti la Bootzin kamili, najua.

Kisichobadilika ni saa ya kuamka, na hapa aliyekuwa askari anawashinda wengi: mwili wake uliwahi kufunzwa kuamka kwa tarumbeta, awe amelala au hakulala.

Ugumu uko kwenye maelezo. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa «tupa uchawi», na mtu anayekabwa na jinamizi hatasadiki haraka kwamba tatizo ni ratiba. Wengine husema tu wana «mawazo». Sioni haja ya kubishana nao. Daftari la wiki mbili, lenye saa ya kulala na saa ya kuamka, linaweza kujazwa na mjukuu wa darasa la 5 bila babu kuacha imani yake.

Wala tusingoje mtaalamu wa saikolojia afike kila zahanati. Kliniki ya presha na kisukari ndiyo mlango, kwa sababu mzee huja huko kuchukua dawa. Muuguzi akiwa bado anamfunga mkanda wa kipimo mkononi, aanzie hapa: «Shikamoo mzee. Kile kidonge cha kukojosha, unameza saa ngapi?»