Unaenda msitu wa Pugu au Ruvu wikiendi hii? Mambo 8 ya kukurudisha nyumbani salama

Wikiendi ikifika, watu wa Dar wanakimbilia Kisarawe: Hifadhi ya Msitu wa Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, Bwawa la Minaki, mapango ya popo. Upande wa Kibaha kuna misitu ya Ruvu na mto wenyewe. Ni karibu na mjini, na tatizo linaanzia hapo hapo. Kwa kuwa ni karibu, mtu anaenda na kandambili, kichupa cha maji na simu yenye chaji asilimia 30. Msitu haujui kwamba kwenu ni Gongo la Mboto.

Soma haya kabla hujatoka.

1. Pita getini, na uage nyumbani
Pugu-Kazimzumbwi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Lipia, jiandikishe, chukua muongozaji. Usipenye njia za panya ili kukwepa kiingilio, maana ukipotea hakuna atakayejua kama uliingia. Mwambie mtu mmoja nyumbani unaenda wapi, na nani, na saa ngapi aanze kukutafuta.

2. Saa 10 jioni geuza
Huku kwetu jua linazama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, mwaka mzima. Chini ya miti mikubwa giza linatangulia. Ikifika saa 10 anza kurudi, hata kama hujafika ulikotaka. Wengi hupotea wakati wa kurudi, wakiwa wamechoka na wanaharakisha.

3. Simu ni ya dharura, siyo ya picha tu
Pakua ramani ya eneo ukiwa bado nyumbani. GPS inafanya kazi hata bila bando, ila ramani lazima iwe imeshaingia kwenye simu. Ukiwa msituni zima data na punguza mwanga wa kioo. Beba pawabenki, tochi na filimbi. Namba za kukaa kichwani: polisi 112, Zimamoto na Uokoaji 114.

4. Maji ya kutosha
Matembezi ya nusu siku kwenye joto la Pwani yanataka angalau lita 2 hadi 3 kwa kila mtu. Mwenzako akilalamika kichwa na kizunguzungu, mkalishe kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. Akianza kuongea vitu visivyoeleweka au kuanguka, hiyo ni hatari. Mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, na mumpeleke hospitali. Asiyejitambua msimnyweshe kitu.

5. Nyoka
Vaa viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hakimbii. Anajilaza kwenye majani makavu akitegemea rangi yake, na watu wengi humkanyaga bila kumuona. Angalia unapoweka mguu, na usiingize mkono kwenye shimo au chini ya gogo.

Mtu akiumwa:
- Atulie, asikimbie. Mguu au mkono ulioumwa usichezwe-chezwe. Fungeni kijiti kama mnavyofanya kwa mfupa uliovunjika.
- Mvueni pete, saa na kiatu kabla hajavimba.
- Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, msipoteze muda na jiwe la nyoka.
- Msimfukuze nyoka. Kumbukeni tu rangi na ukubwa wake.
- Mbebeni haraka: Hospitali ya Wilaya Kisarawe, au Tumbi kama mko Kibaha. Pigeni simu mkiwa njiani muulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo.

6. Nyuki, upupu na popo
Nyuki wakikuvamia, kimbia, funika uso, na usipunge mikono. Ingia ndani ya gari au nyumba. Usijitose kwenye bwawa.

Upupu ukikugusa usijikune, utausambaza. Vua nguo, bandua vinyweleo kwa selotepu, kisha jimwagie maji mengi.

Popo waangalie kwa mbali tu, usiwashike. Mashimo yale yalichimbwa na watu wa madini ya kaolini, siyo uwanja wa kuchezea. Bila muongozaji usiingie.

7. Reli na mto
Usiifanye reli kuwa njia. Treni ya SGR inayopita Pugu, Soga na Ruvu inafika kilomita 160 kwa saa, na nyaya zake zina umeme wa volti 25,000. Ukishaiona, huna muda wa kufikiria.

Mto Ruvu una mamba na viboko. Usioge, usinawe ukingoni, usipige picha ukiwa umesimama majini. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji yanapanda haraka hata kama ulipo wewe mvua haijanyesha.

Pia ukiona kichuguu cha udongo kinachofuka moshi, usikanyage. Linaweza kuwa tanuru la mkaa, na chini yake kuna moto.

8. Ukipotea, kaa
Ukigundua hujui ulipo, simama. Usiendelee "kujaribu kidogo". Tuma mahali ulipo kwa meseji kama mtandao upo. Puliza filimbi mara tatu, pumzika, rudia. Kama jua limezama, baki hapo hapo mpaka asubuhi. Anayetulia sehemu moja anapatikana mapema kuliko anayezunguka usiku.

Mkiwa kundi, anayetembea taratibu kuliko wote akae mbele, na mhesabiane kila mnaposimama.

Na ukishafika salama, mpigie yule uliyemuaga. Asije akaanza kukutafuta wakati wewe umeshalala.