Kuhamishwa kwa Kihariri Huria cha Maandishi na Suala la Tahajia ya Kibukusu

Mtu aandikapo Kibukusu kwa kompyuta mjini Bungoma au Kitale, takriban kila neno lake hupigiwa mstari mwekundu. Aghalabu hali hiyo huelezwa kuwa ni unyonge wa lugha ndogo mbele ya mashine kubwa. Maelezo hayo hayatoshi. Historia ya vihariri, yaani programu zitumiwazo kuandika na kusahihisha maandishi matupu, yaonyesha kwamba kila kihariri huzaliwa kwa umbo la mashine fulani na mazoea ya waandishi fulani, na hufika kwingine kwa sababu tu yupo aliyeruhusiwa kukifungua na kukibadili. Mfano ulio karibu na magharibi mwa Kenya ni ule wa kihariri kiitwacho Vim, ambacho mwundaji wake alikifungamanisha na kijiji kimoja cha Uganda.

Asili ya Vim ni kihariri cha zamani, 'vi', kilichotungwa na Bill Joy katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1976, baada ya Joy kukiona kihariri cha George Coulouris wa Queen Mary College, London. Joy alifanyia kazi yake kwenye kifaa cha ADM-3A, kilichotengenezwa na kampuni ya Lear Siegler. Kibodi yake haikuwa na vitufe vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Basi herufi hizo zikawa ndizo amri za kwenda kushoto, chini, juu na kulia. Kifaa chenyewe kilikwisha kutoweka maofisini zamani, lakini amri hizo zingali zikitumika hata kwenye kibodi zenye vitufe kamili vya mishale. Wanaisimu hawatalishangaa jambo hili, kwa kuwa tahajia za lugha nyingi huhifadhi matamshi ya watu waliokwisha kufa.

Hata hivyo, 'vi' hakikuwa huru. Kilijengwa juu ya msimbo wa kihariri cha 'ed', mali ya kampuni ya AT&T, na asiyekuwa na leseni ya kampuni hiyo hakuruhusiwa kuumiliki msimbo wake. Aliyetaka kukitumia kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani hakuwa na njia ila kukiiga upya. Mwaka 1987 Tim Thompson alitunga kiigizo kiitwacho STEVIE kwa ajili ya kompyuta ya Atari ST, akautoa msimbo wake hadharani. Wengine wakaurekebisha, na muda si muda ukahamishiwa kwenye Amiga, mashine iliyosifika kwa picha na sauti kuliko kwa kazi za karani. Mholanzi Bram Moolenaar, aliyenunua Amiga na kukosa humo kihariri alichokizoea, alianza mwaka 1988 kuusahihisha na kuuongezea msimbo huo. Vim ilitolewa kwa umma tarehe 2 Novemba 1991, ndani ya diski namba 591 ya mkusanyo wa Fred Fish uliosambazwa miongoni mwa watumiaji wa Amiga. Hapo awali jina hilo lilimaanisha 'mwigo wa vi'. Mwaka 1992 ikahamishiwa kwenye UNIX, yaani ikarudi katika nchi ya babu yake, na mwaka uliofuata maana ya jina ikageuzwa kuwa 'vi iliyoboreshwa'.

Tangu hapo Vim ilihamishiwa kwenye mashine za kila namna: MS-DOS, VMS, OS/2, kompyuta za Acorn za Uingereza, hata zile kubwa za IBM zitumiazo OS/390. Uhamisho huu wa mwisho wastahili kuangaliwa kwa makini. Katika kompyuta nyingi herufi za alfabeti zina namba zinazofuatana, hivyo mtunga programu aweza kuiambia mashine kwamba chochote kilichopo kati ya namba ya 'a' na namba ya 'z' ni herufi. Mashine za IBM zilitumia utaratibu mwingine, EBCDIC, uliorithiwa kutoka kadi za kutobolewa. Humo kuna pengo baada ya 'i' na jingine baada ya 'r', na ndani ya mapengo hayo mna alama zisizo herufi. Kanuni iliyodhaniwa kuwa ya maumbile ikaonekana kuwa desturi ya nyumba moja tu. Kuhamisha programu, basi, ni kuvumbua mambo ambayo mtungaji wa kwanza aliyaamini bila kujua kwamba anayaamini.

Wala uhamisho haudumu milele. Toleo la 8, lililotoka mwaka 2016, liliondoa uwezo wa kufanya kazi katika MS-DOS, kwa sababu programu ilikuwa imenenepa hata haikuenea tena katika kumbukumbu ya mashine hizo.

Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kufanya kazi ya kujitolea ya maji na usafi huko Kibaale, kusini mwa Uganda, katika wilaya ya Rakai, mojawapo ya sehemu za kwanza za Afrika Mashariki kuangamizwa na UKIMWI. Aliporudi Uholanzi alianzisha mfuko wa kukisaidia kituo cha watoto cha Kibaale, na akaandika katika leseni ya Vim kwamba programu ni huru kunakiliwa na kubadiliwa, ila mtumiaji anaombwa kuwakumbuka watoto hao. Kwa miaka mingi kila aliyeifungua Vim bila faili aliliona ombi hilo kwenye skrini, likitaja Uganda kwa jina. Moolenaar alifariki mwezi Agosti 2023. Lipo jambo la kuhuzunisha kidogo hapa: ujumbe wa programu hiyo ulikuwa umetafsiriwa katika Kiafrikana na lugha nyingi za Ulaya, lakini si katika Kiganda, lugha ya jirani za watoto waliotajwa.

Kikagua tahajia kiliingizwa katika toleo la 7, mwezi Mei 2006. Kiswahili kilikuwa na bahati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na orodha ya maneno iliyokusanywa kwa programu moja huria yaweza kutumiwa na nyingine. Lakini orodha hizo zina umbo lao. Huwa na faili mbili, moja ya mashina na moja ya kanuni za viambishi. Hunspell, chombo kilichoenea kuliko vyote, kilitungwa kwa ajili ya Kihungari, lugha iambishayo mwishoni. Kwa kawaida yake hukubali viambishi tamati viwili na kiambishi awali kimoja. Neno 'hatukuvinunua' lina viambishi awali vinne. Basi mtengenezaji wa orodha ya lugha ya Kibantu hana budi kuviunganisha viambishi hivyo kuwa mafungu marefu, na mafungu huzidi kuongezeka.

Kibukusu kina ugumu wa ziada. Nomino zake huwa na kiambishi tangulizi mbele ya kiambishi cha ngeli: 'omundu', 'babandu', 'kumusala', 'kimisala'. Zaidi ya hayo, urefu wa irabu hubadili maana, lakini waandishi hawauonyeshi kwa njia moja. Huyu huandika 'kumusala', yule 'kumusaala'. Mzozo wa tahajia si mpya katika sehemu hizi. Kamati ya Lugha ya Waluhya ya miaka ya 1940, ambayo Lee Appleby wa Church Missionary Society alishiriki sana katika kazi zake, ilitaka kuwa na maandishi ya pamoja, lakini maandishi hayo hayakupokewa na Wabukusu wala Wamaragoli.

Malighafi sasa si haba. Mradi wa Kencorpus wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene ulitangaza mwaka 2022 mkusanyo wa matini 4,442, zenye jumla ya maneno kama milioni 5.6, ya Kiswahili, Kijaluo na lahaja tatu za Kiluhya, Kibukusu kikiwemo. Bungoma yenyewe ina Chuo Kikuu cha Kibabii, kinachofundisha kompyuta. Lakini mkusanyo hupokea tahajia zote mbili, ilhali orodha ya kikagua tahajia hulazimika kuchagua, au kuzikubali zote kwa hiari iliyofikiriwa. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtunga programu wa Uholanzi wala wa Hungaria, na msimbo u wazi kwa yeyote wa Bungoma atakayeufanya. Iwapo orodha ya kwanza itashika 'kumusaala' peke yake, mwanafunzi wa Kitale aliyezoea 'kumusala' atapigiwa mstari mwekundu, safari hii kwa jina la lugha yake mwenyewe.