Mnacheka Kapo Zinazokimbia, Lakini Mnajua Zilikotoka?

Kila Jumapili jioni lazima nikutane na zile meme. Mume na mke, tisheti za rangi moja, raba mpya, medali shingoni, na chini mtu ameandika ati hao wawili wanakimbia landlord. Mimi hucheka, siwadanganyi. Lakini kuna komenti moja ambayo hurudi kila mara, na hiyo ndiyo imenifanya niandike: ati mume na mke kukimbia pamoja kwa raha ni mambo ya wazungu, wazee wetu hawakuwa na huo upuzi.

Nusu ya hiyo komenti ni kweli. Nyanya yangu hakuwahi kuvaa raba akamwambia guka twende tukimbie tujiskie vizuri. Alikuwa ameshatembea kilomita za kutosha na mtungi. Lakini hiyo nusu ingine, ati wazungu walikuwa nayo tangu zamani, hapana. Hata kwao ni kitu cha juzi tu. Na mke hakukaribishwa. Aliingia kwa nguvu.

Tuanze New Zealand. Mwanzo wa miaka ya 1960, kocha mmoja wa Auckland anayeitwa Arthur Lydiard, ambaye vijana wake walikuwa wametoka tu kushinda dhahabu kwenye Olimpiki ya Roma 1960, alianza kuwakimbiza watu wazima wasio wanariadha. Wafanyabiashara wenye vitambi, wengine wana shida ya moyo. Daktari wa wakati huo angekuambia mtu wa moyo alale. Lydiard alisema akimbie, lakini polepole, kiasi kwamba anaweza kupiga stori na mwenzake njiani. Hiyo ndiyo siri yote. Ukiweza kuongea huku unakimbia, basi unaweza kukimbia na mtu unayependa kuongea naye.

Mwisho wa 1962 kocha wa chuo kikuu cha Oregon, Bill Bowerman, akaenda kumtembelea. Bowerman alijiona yuko fiti, si yeye ni kocha? Akaingia barabarani na hao watu, akaachwa nyuma na mzee aliyepita miaka 70. Alirudi Marekani akiwa amenyenyekea, akawaalika watu wa mji wa Eugene uwanjani waje wajaribu, wanaume kwa wanawake, na mwaka 1967 akatoa kitabu kuhusu hizo mbio za polepole pamoja na daktari wa moyo. Huyo Bowerman ndiye mmoja wa waliounda Nike. Miaka michache baadaye alichukua mashine ya mkewe Barbara ya kuoka waffle, akamwaga ndani plastiki ya maji ili atengeneze soli yenye meno. Soli ilipatikana. Mashine ikaharibika. Kwa hivyo ukivaa raba zako za meno, kumbuka kuna mama mmoja Oregon alikosa breakfast.

Sasa huyo mke. Hapa ndipo hadithi inakuwa chungu.

Mwaka 1928, Olimpiki ya Amsterdam, wanawake waliruhusiwa mara ya kwanza kukimbia mita 800. Aliyeshinda ni Mjerumani Lina Radke, na kocha wake alikuwa mumewe Georg. Ona hapo: kapo, na dhahabu. Lakini magazeti yakaandika ati wanawake walianguka anguka kwenye mstari kama wamepigwa risasi. Ilikuwa chumvi tupu, wakimbiaji walikuwa tu wamechoka vile mtu yeyote huchoka baada ya mita 800. Haikusaidia. Mbio zikafutwa, na mpaka 1960 hakuna mwanamke aliyekimbia zaidi ya mita 200 kwenye Olimpiki. Miaka 32! Mume na mke walioshinda pamoja walifungiwa mlango na watu wa magazeti.

Kwa hivyo mwaka 1966, Bobbi Gibb alipoomba kukimbia Boston Marathon, alijibiwa kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kilomita 42. Alisafiri kwa basi siku kadhaa kutoka California, akajificha kichakani karibu na mahali pa kuanzia, akavaa kaptura ya kaka yake, akajichanganya na wanaume. Alimaliza kwa saa 3 na dakika 21, mbele ya wengi wao. Na unajua gazeti moja la Boston lilimtambulisha vipi kwenye kichwa cha habari? Kama bibi arusi. Alikuwa ametoka kuolewa. Amekimbia kilomita 42 na cha kwanza wanachotaka ujue ni kwamba ana bwana.

Mwaka uliofuata ndio ule wenye picha ambayo pengine umeiona. Kathrine Switzer, miaka 20, mwanafunzi wa Syracuse, alijiandikisha kama K. V. Switzer na akapewa namba 261. Kocha wake, Arnie Briggs, pia alikuwa amesema mwanamke hawezi huo umbali, mpaka Kathrine akamkimbiza zaidi ya kilomita 42 kwa mazoezi na mzee akazirai. Siku ya mbio, kilomita za kwanza tu, msimamizi mmoja anayeitwa Jock Semple aliruka kutoka kwenye basi la waandishi, akamshika amng'oe namba. Boyfriend ya Kathrine, Tom Miller, alikuwa anakimbia kando yake. Tom alikuwa mrusha nyundo, zaidi ya kilo 100. Alimpiga Semple kumbo moja akaruka pembeni kama gunia la majani. Picha zikazunguka dunia.

Watu wengi husimamia hapo. Wanaona kapo goals: msichana anaonewa, chali wake anamlinda. Lakini Kathrine mwenyewe amesimulia kilichofuata, na mimi naona hicho ndicho cha muhimu. Kilomita chache mbele Tom alimgeukia kwa hasira. Alikuwa na ndoto ya Olimpiki, na sasa kwa kumpiga msimamizi alihofia chama cha riadha kitamfungia. Akamlaumu yeye. Akang'oa namba zake mwenyewe, akamwacha Kathrine hapo barabarani analia, akaenda mbele peke yake. Baadaye Kathrine akampata njiani anatembea, ameishiwa na pumzi. Kathrine akampita, akamaliza kwa saa 4 na dakika 20 hivi. Tom alifika zaidi ya saa moja baadaye.

Na bado wakaoana! Haikudumu. Sitaki kumsuta Tom sana, alikuwa kijana na aliogopa. Lakini fikiria: alikuwa tayari kupigana na mwanaume mwingine kwa sababu ya Kathrine, lakini hakuwa tayari kukimbia kando yake na gharama zake. Hizo ni vitu viwili tofauti kabisa, na dada zetu wengi wanawajua wanaume wa hiyo aina ya kwanza.

Boston ilifungua mlango rasmi 1972. Mwaka huo huo, New York, wanawake waliambiwa waanze dakika 10 kabla ya wanaume. Bunduki yao ikalia, wao sita wakakaa chini barabarani. Wakangoja mpaka ya wanaume ilipolia, ndipo wakainuka wakakimbia na kila mtu. Waliongezewa dakika 10 kama adhabu. Olimpiki ilikubali marathoni ya wanawake 1984, Los Angeles. Hiyo si zamani. Wazazi wa baadhi yenu walikuwa shule ya msingi.

Kathrine baadaye, 1987, aliolewa na Roger Robinson, profesa wa fasihi huko Wellington ambaye alikuwa amewakilisha Uingereza na New Zealand kwenye mbio za nyika. Waliandika pamoja kitabu cha hadithi za marathoni. Roger aliwekewa magoti ya chuma na bado akarudi barabarani. Na mwaka 2017, miaka 50 baada ya kumbo la Tom, Kathrine alirudi Boston akiwa na miaka 70, na namba ile ile 261. Alimaliza kwa saa 4 na dakika 44. Piga hesabu: dakika 24 tu zaidi ya vile alivyokimbia akiwa na 20. Wewe na mimi tunapanda ngazi za Archives tunahema.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa kuna kitu cha ajabu. Sisi ndio nchi ya mbio, lakini mbio kwetu zimekuwa kazi. Mwanariadha wa Iten akiamka saa 11 alfajiri, haendi kujiburudisha, anaenda job. Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia chini ya saa mbili Vienna, mkewe Grace na watoto walikuwepo. Hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kumwona akishindana ana kwa ana. Na tayari alikuwa bingwa wa Olimpiki wakati huo! Watu wengine waliona ni jambo la kushangaza. Mimi naona ni mantiki kabisa. Nani kati yenu hupeleka bibi yake ofisini amwangalie akifungua barua pepe?

Na pale mbio ni kazi, ndoa inakuwa na pesa katikati. Kuna walioweza. Lornah Kiplagat na mumewe Pieter Langerhorst walijenga kambi Iten karibu mwaka 2000, kwa sababu Lornah alikuwa amechoka na kambi ambazo wasichana wanafanya mazoezi na wanaume halafu wao ndio wanapikia kila mtu na kufua. Lakini kuna upande mwingine ambao siwezi kuuruka. Septemba 2021, Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kwa wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi mmoja baadaye alipatikana ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka tu kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alifariki hospitalini Eldoret baada ya mwanaume aliyekuwa mpenzi wake kummwagia petroli na kumchoma, kule Trans Nzoia. Walikuwa wanazozania ardhi. Wanariadha wenzake Agnes walianzisha Tirop's Angels kusaidia wanawake walio kwenye hali kama hiyo, na simu bado zinaingia.

Ndiyo maana hizo kapo za tisheti moja sizioni kama upuzi. Wanakimbia na hakuna hundi mwishoni. Hakuna shamba la kuandikishwa kwa jina la nani. Wakimaliza wa 4,000 na 4,001, wanapewa ndizi na maji. Kwa nchi hii hiyo ni kitu kipya kabisa, watu wawili waliooana kugusa mbio bila kugusa pesa.

Na ilihitaji mambo mengi ili iwezekane hapa. Nairobi Marathon ilianza 2003. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta akiwa First Lady alikimbia marathoni nzima London, ikamchukua kama saa saba, na nakumbuka watu wakicheka. Lakini kwa nchi ambayo mtu asiye na medali alikuwa anaona aibu kukimbia, kuona mama wa Ikulu akimaliza polepole mbele ya kamera kulifungua kitu. Na mahali penyewe pa kukimbilia? Karura ile mnapiga selfie, Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa mpaka akatoka damu kichwani kwa sababu alitaka kupanda mti pale badala ya matajiri kugawana viwanja. Miaka mingi baada ya hapo ungeingia huo msitu na ungetoka bila simu, kama ungetoka. Leo saa 12 na nusu asubuhi dada anaweza kukimbia humo. Nje ya Karura, kwa mitaa yetu mingi, bado anahitaji mtu. Wengi wa wanawake ninaowajua wanaokimbia na mabwana zao walianza hivyo, si romance, ni security. Romance ilikuja kilomita ya tano.

Lakini kabla hatujapigiana makofi, kuna mtu hayuko kwenye hiyo picha. Hao wawili wakiwa Southern Bypass saa 12 asubuhi, mtoto wao wa miaka miwili ameamka, analia, anataka uji. Kuna msichana wa kazi ambaye ameamka kabla yao, akawafungulia geti, na pengine Jumamosi ilikuwa off yake. Kwa zile nyumba ambazo hayuko, basi ni shangazi, ama ni zamu: mume Jumamosi, mke Jumapili, na hawakimbii pamoja hata siku moja mpaka mtoto aanze shule. Hiyo sehemu huwa haiingii TikTok.

Niandikieni kwa komenti, na msinidanganye: kwenu, siku ya mbio, nani anabaki na mtoto?