Meli Inaposimama, Abiria Hasimami

Mtu akitoka Sumbawanga mjini, akapita Matai na kuteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, mwisho wa safari yake ni Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo Wajerumani walipojenga boma lao na kupaita Bismarckburg. Barabara hiyo ya zaidi ya kilomita 100 imewekwa lami, na gati ya Kasanga imepanuliwa. Ni kazi njema, nayo imegharimu mabilioni ya fedha za wananchi.

Lakini nimewahi kusimama kwenye gati hiyo katika kipindi ambacho hapakuwa na meli ya abiria. Saruji ilikuwa safi kabisa. Pembeni, kwenye mchanga, akina mama walikuwa wakiingia katika boti la mbao, watoto mgongoni na magunia ya mahindi miguuni. Sikuona hata boya moja la kujiokolea.

Ilikuwaje tukafika hapo? Hebu turudi nyuma kidogo.

Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku maelfu, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli ya kati mpaka Kigoma. Mwaka 1915 ikaingia majini kwa jina la Graf von Götzen. Haikudumu. Julai 1916, walipoona adui anakaribia, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake mafuta mazito isile kutu. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, waliikuta bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Tangu hapo ikawa ndiyo barabara ya watu wa ziwa. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli, na mwaka 1993 ikakarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Ilikwenda Kigoma, ikateremka mpaka Kasanga na Mpulungu nchini Zambia. Kwa miaka mingi gati zilikuwa katika bandari hizo tatu tu. Vijiji vingine vyote abiria walishushwa ziwani kwa mitumbwi. Ndiyo maana wazee wetu walililia gati.

Gati zikaja. Tazama mambo yalivyopishana. Mwaka 2018 Liemba ilisimamishwa, kwa kuwa chombo cha umri ule hakiwezi kuendelea kubeba mamia ya watu bila matengenezo makubwa. Mwaka 2022 ikakamilika bandari ya Karema mkoani Katavi, kwa zaidi ya shilingi bilioni 47. Mkataba wa kuikarabati Liemba ukatiwa saini mwaka 2023. Kwa hiyo bandari ilikuwa tayari, na meli kongwe ya kuitumia ilikuwa imefungwa kamba Kigoma.

Wapo waliolaumu kusimamishwa kwa meli. Mimi si mmoja wao. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakapotea. Udhaifu wa meli ile, kwamba haikuwa imara majini, haukuwa siri siku ilipozama. Laiti ingesimamishwa mapema, wale watu wangelalamika tu, nasi leo tungekuwa tumekwisha kuyasahau malalamiko yao. Vivyo hivyo mwaka 2022, shirika letu la ndege lilipoegesha baadhi ya Airbus A220 kwa matatizo ya injini. Abiria walinung'unika, na walikuwa na haki, maana ndege zile zilikuwa mpya na za gharama kubwa. Lakini heri ndege iliyoegeshwa kuliko ndege inayotafutwa.

Hata hivyo ipo tofauti kubwa baina ya abiria hawa wawili. Wa ndege akikosa ndege atapanda basi, atachelewa, atafika. Mtu wa kijiji kilicho chini ya milima, kati ya mwamba na maji, pasipo barabara, hana basi. Ana mgonjwa wa kupeleka hospitali, ana dagaa wa kuuza kabla hawajaharibika. Meli ikisimama, yeye hasimami. Atapanda boti la mbao hata katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini unapovuma na mawimbi yakawa kama vilima.

Basi tukisema meli imesimamishwa kwa ajili ya usalama, tuulize ni usalama wa nani. Tumemtoa abiria katika hatari tunayoijua, tukamwacha aingie katika hatari ambayo hakuna anayeiandika daftarini. Fedha zinapotengwa kwa ajili ya gati, zitengwe siku hiyo hiyo fedha za chombo cha muda, za maboya, na za mkaguzi atakayesimama ufukweni na kusema boti hili limejaa. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliuondoa mbacha kwa kuwa umechakaa, na ilikuwa sawa. Kosa letu ni kwamba hatukuwa na hata jamvi la kumkalisha mgeni.

Wale waliokusudia kuizamisha Liemba mwaka 1916 walikumbuka kwanza kuipaka mafuta. Waliifikiria siku ya kurudi. Nasi tunaosimamisha vyombo kwa nia njema, tumfikirie anayebaki ufukweni akisubiri.